Niliwaambia Ana Kisu

Cheti changu cha shule ya jioni kaka yangu alikitundika juu ya televisheni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Nilisoma Kiingereza miaka mitatu, jioni nne kwa wiki, baada ya kusafisha mabasi mchana kutwa. Siku nilipofuzu, kaka alimwonyesha cheti kila aliyefika mlangoni petu: fundi bomba, msoma mita, hata mabinti wawili waliokuja kutuhubiria. Mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba darasani tulikuwa mia tano na nimewashinda wote. Tulikuwa kumi na wanne. Ndivyo nilivyo, sijifichi. Tangu utotoni Tanga, nikikimbizwa na kuku nilikuwa nasimulia mbuni. Kaka ndiye aliyekuwa akinirudisha, taratibu, bila kuniaibisha: "Bwana mdogo, punguza kidogo."

Kaka amenitangulia miaka tisa. Yeye ndiye aliyenilea, yeye ndiye aliyekuja London kwanza, akafanya useremala mpaka akaweza kunivuta na mimi. Tulikaa pamoja Lewisham, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko ambalo mtu akifungua friji lazima mwenzake atoke nje. Hapo siongezi chumvi.

Kichwa chake kilianza kumsumbua mwaka wangu wa pili wa masomo. Alisikia watu ndani ya ukuta. Si kila siku. Wiki nyingine alikuwa mzima kabisa, anapika, ananitania, ananiuliza kuhusu masomo kama mwalimu mkuu. Wiki nyingine alijifungia chumbani na kukataa hata maji.

Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba tuliyoiita nyumba ya chai. Ilikuwa ya jamii, inalipiwa na halmashauri, na mtu mwenye shida ya akili angeweza kuingia, akakaa, akanywa chai bila kuulizwa maswali. Na kama hawezi kutoka, walikuja wao. Aliyekuja kwetu alikuwa mama mmoja mnene, wazazi wake watu wa Jamaika, daima na mwavuli hata jua likiwaka. Mara ya kwanza aligonga mlango wa kaka kwa ngumi, kama wanavyogonga huku, na kaka akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka Ufaransa. Nikamweleza yule mama: kwetu hatugongi, tunasema hodi, halafu tunangoja. Ukiambiwa karibu, unaingia. Usipojibiwa, unasema tena. Mara ya tatu ukinyamaziwa, unaondoka.

"Na kama ni mgonjwa?" akauliza.

"Basi unakaa palepale mpaka ajibu."

Akakaa. Alikalia ndoo yetu ya kudekia, akaifunika kwa gazeti kwanza, na kila baada ya muda akasema "Hoodi" kwa sauti ya mtu anayeita paka. Ilichukua saa nzima na ushei. Kisha nikamsikia kaka kwa ndani, taratibu: "Karibu." Miaka miwili yule mama alikuja hivyo, na hakuna siku aliyoshika kitasa kabla ya kukaribishwa.

Halafu halmashauri ikafunga nyumba ya chai. Barua ilisema wanapitia upya matumizi. Ukipiga simu, sauti ya mashine inakushukuru kwa kupiga.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Kaka alikuwa jikoni anasonga ugali, mimi nilikuwa naangalia mpira. Nikasikia anaongea na ukuta. Kisha akaufunga mlango wa jikoni kwa ndani na kuanza kupiga makabati.

"Kaka, hodi," nikasema.

"Wameingia! Usije, watakushika na wewe!"

Nikasema hodi mara tatu. Nikasema mara kumi. Kumi kweli. Nikapiga simu nyumba ya chai, mashine ikanishukuru. Nikapiga kwa daktari, kumefungwa mpaka Jumatatu. Jikoni jiko la gesi lilikuwa linawaka, na nikaingiwa na hofu.

Basi nikapiga simu ya dharura. Na hapa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wote wa hapa wanalijua ila hawaliandiki. Kinyozi wetu alitufundisha sote, tukiwa tumekaa kwenye viti vyake: "Ukiwaambia mtu anaumwa kichwa, watakuja Krismasi. Waambie ana silaha, utaona." Tulicheka siku ile. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mwanamke wa kwenye simu akaniuliza, "Je, ana kitu chochote mkononi?"

Nikasema ana kisu.

Ningeishia hapo, labda. Lakini mimi ni mimi. Akauliza kisu cha namna gani, na nikamwambia kikubwa, kirefu hivi, kama panga. Mwenyewe nilikuwa nimeunyoosha mkono kuonyesha urefu wake, kana kwamba ananiona.

Walifika kabla ugali haujapoa. Nimezoea kusema polisi arobaini. Walikuwa wanane, na hapa sitaongeza hata mmoja. Wawili walinibana ukutani kwenye kijia, wakiniambia nitulie, nitulie. Nilipiga kelele kwamba msivunje, semeni hodi, mngojeni tu. Niliisema kwa Kiswahili. Kiingereza chote cha miaka mitatu kilinitoka kama maji.

Waliuvunja mlango wa jikoni kwa pigo moja. Wakamwamuru aangushe silaha. Kaka aligeuka akiwa ameinua mkono, na mkononi alikuwa na mwiko, una ugali bado. Wakampiga kwa ile bunduki ya umeme. Alianguka juu ya jiko kwanza, kisha sakafuni. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, ule wa useremala, na meno mawili.

Polisi mmoja kijana aliuokota ule mwiko. Akautazama. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Aliuweka kwenye sinki, polepole, akazima gesi.

Kaka alilazwa miezi minne. Aliporudi, mkono haukunyooka tena, na alikuwa na jambo moja tu la kuuliza: nani aliwaita? Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe. Alisema ni yule mzee Mwingereza wa ghorofa ya juu, mwenye mbwa, kwa sababu siku zote alilalamikia kelele. Kuanzia hapo hakumsalimia tena. Wakikutana kwenye ngazi, kaka aligeukia ukuta. Yule mzee alikuwa anasimama na mbwa wake, kofia mkononi, hajui amekosa nini.

Nami nikaliacha liwe hivyo. Mwaka mzima.

Kisha halmashauri ikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi asubuhi. Kulikuwa na fungu la usalama wa mtaa, na walitaka kusikia wakazi: liende kwa polisi, waongezwe wa doria, au sehemu yake irudishe nyumba ya chai na wale watu wa kwenda kwa miguu milangoni? Nilichaguliwa kutafsiri kwa ajili ya watu wa Kiswahili, kwa sababu ya kile cheti. Nilivaa tai. Kaka alikuja pia, akakaa nyuma kabisa karibu na birika la chai. Aliniambia anataka kunisikia nikizungumza Kiingereza mbele ya watu.

Watu walibishana vizuri. Baba mmoja aliyevunjiwa duka alisema chai haikamati mwizi. Msichana mmoja muuguzi alisema mgonjwa si mwizi. Hata mkubwa wa polisi alisimama akakiri kwamba vijana wake si wauguzi, na wangefurahi mtu mwingine aende kwa wagonjwa, lakini wakiambiwa kuna silaha watakwenda, na watakwenda na silaha.

Diwani akaniomba nisimulie ya kwetu. Nikasimulia. Jamani, nilisimulia! Yule mama wa mwavuli nikamfanya mnene mara mbili, watu wakacheka mpaka wakashika viti. Mwiko wenye ugali, wakalia. Niliona diwani anafuta macho. Nilisema kila kitu isipokuwa kimoja.

Ndipo akasimama mama mmoja Mkongomani, jirani yetu wa jengo la pili, anayesafisha ofisi. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kuelewa tu.

"Ndugu yangu, pole sana," alisema, kwa Kiswahili cha kwao. "Lakini miye balininyanganya telefone pale basi inasimamaka. Nikaita polisi, bakakuya nyuma ya siku tatu. Kwako bakakuya mbio. Ulibaambia nini?"

Ukumbi ukanigeukia mimi. "Amesema nini?" diwani akauliza. "Tafsiri, tafadhali."

Ningeweza kutafsiri chochote. Ningeweza kusema anatoa pole. Hapakuwa na Mwingereza hata mmoja ambaye angejua. Lakini kule nyuma kaka alikuwa ameshaelewa swali, na alikuwa ananingoja, kikombe katika mkono wake wa kushoto, uso umetulia kama zamani nilipokuwa namsomea insha zangu.

Nikamjibu yule mama kwa Kiswahili kwanza. Niliona kaka anastahili kulipata hilo kabla ya wengine.

"Niliwaambia ana kisu, mama. Ni mimi niliyewaita. Hakuwa na kisu."

Yule mama akaweka kiganja mdomoni. "Weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Kisha nikalirudia kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, na hakuna aliyecheka.

Kaka aliweka kikombe chini. Akafunga zipu ya koti, kwa taabu, kwa ule mkono mmoja. Nilidhani anakuja kwangu. Hakuja. Alipita katikati ya viti mpaka kwa yule mzee wa mbwa, aliyekuwa amekaa safu ya tatu, akasimama mbele yake, akampa mkono wake wa kushoto. "Samahani, mzee," akasema, kwa Kiswahili. Mzee alisimama, akaupokea, akautingisha, na bado hakujua. Kaka akatoka nje.

Nyumba ya chai ilifunguliwa tena, alasiri mbili kwa wiki, na doria ikaongezwa kidogo vilevile. Wanasema hadithi yangu ilisaidia. Yule mama wa mwavuli hakurudi. Alikuwa ameshapata kazi mahali pengine.

Kaka aliomba apewe chumba chake mwenyewe. Walimpatia Kingsbury, upande wa pili wa jiji, kwenye nyumba yenye msimamizi. Alipohama alichukua nguo, redio na mwiko. Cheti alikiacha ukutani. Kila Jumapili napanda treni na mabasi na chakula kwenye kontena, wali au muhogo wa nazi, na ninasimama mlangoni pake.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mdogo wako."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, kaka."

Ninakaa kwenye ngazi, kwa kuwa hapo hakuna ndoo. Ninasema hodi tena. Baadaye anasema, "Weka hapo chini." Nikiteremka ngazi, namsikia akifungua na kufunga haraka. Jumapili inayofuata naikuta kontena nje ya mlango, imeoshwa, imekaushwa, mfuniko umebanwa sawasawa.

Neno karibu sijaambiwa bado. Kwa kinyozi wakiniuliza hali ya kaka, nawaambia tulikula pamoja, tukacheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Hakuna tena wa kuniambia nipunguze.