Vifuniko vya Masikio kwenye Mtaro wa Mlimani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na tulipochimba mtaro wa bomba la maji kwenye miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, hasira zangu zilipata kazi ya kutosha. Nilikuwa msimamizi. Chini ya udongo kulikuwa na mwamba, nao ulivunjwa kwa mashine za kushika mkononi, zenye kelele za kutikisa meno.

Joto tulilimudu mapema. Mtaro ulifika kifuani, na adhuhuri mawe yalichoma kama kikaango. Nikaamuru tuanze kazi alfajiri, na ikifika saa tano kila mtu atoke, akae chini ya turubai, anywe maji mpaka jua lipungue. Hakuna aliyebisha. Nani abishe akiambiwa apumzike?

Masikio ndiyo yaliyotushinda. Kando ya mtaro ilipita njia ya wakulima wanaoshusha kabeji na karoti sokoni, na kule mlimani kutoitikia salamu ni dharau kubwa. Aliyevaa vifuniko vya masikio tulivyopewa kuzuia kelele hakusikia kitu. Haikupita wiki, kijiji kizima kikasema watu wa mtaro wana majivuno. Basi wakavivua, ili salamu ya kupaza sauti iwafikie, waiitikie huku wakipiga mwamba.

Fundi wangu bora wa mashine alikuwa mwenyeji wa kijiji hicho. Mama yake alipita pale kila asubuhi na tenga la mboga. Nilipomfokea avae, alinijibu kwa upole.

"Bosi, mama anisemeshe nikae kimya, nyumbani nitarudi na uso gani? Tuzime mashine kidogo watu wakipita, nitavaa."

"Kila mwenye kabeji tumzimie mashine, tutamaliza lini?"

Akacheka, akavitundika shingoni. Nikamwacha. Nilijiona hata muungwana, kwamba nimeheshimu desturi zao.

Miezi ikapita. Asubuhi moja yule mama alitua tenga lake, akaniita pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka kukuuliza. Mwanangu nimemkosea nini? Jioni namwita akiwa uani, haitikii. Namwita tena, kimya. Hapa mbele za watu ananiitikia vizuri, nyumbani hanitaki."

Hapa tulikuwa tunapigiana kelele sote. Nyumbani mama wa watu alimwita kwa sauti yake ya kawaida.

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Nikashuka mtaroni, nikaamuru mashine zote zizimwe, na tangu siku hiyo zilizimwa kila alipopita mtu. Kuzima huko hakukutuchelewesha hata kidogo. Kisha nikarudi kumweleza yule mama kwamba hajamkosea mwanawe lolote, ni kelele zimemharibia masikio, na kwamba aliniomba tuzime mashine, mimi nikakataa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yatapona.

Nikamwambia hapana.