Polishi ya Badawy

Shemeji yangu Badawy, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, anauza vipuri vya magari hapa Voi, na huamini kuwa ukoo mzuri hutambulika kwa bampa. Ile Mercedes kuukuu aliyoachiwa na marehemu haimalizi mlima wa Wundanyi bila kupumzika, lakini hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni vumbi jekundu juu ya kromu.

Binti yangu Ruweida alipoposwa na watu wa Taveta, Badawy aliapa kwamba bibi harusi atatoka nyumbani kwa gari la babake. Amin, ami yake bwana harusi, alijibu kwa adabu kuwa atalitazama kwanza. Lisipopendeza, wao wamekodi jeupe kutoka Mombasa.

Lisipopendeza! Gari letu!

Siku moja kabla ya harusi Badawy alipanga makopo ya polishi barazani. Nikamshauri achukue ile laini, aijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Akainusa. "Hii ni ya kumpaka mtoto akishaoga, shemeji."

"Hiyo nyingine ina mchanga ndani, Badawy."

"Ndiyo yenyewe! Inanuka mpaka macho yanatoka machozi. Dawa isiyonuka ni dawa?"

Akaingia jikoni kwangu, akachukua waya wa kusugulia sufuria. Bampa, kwa kuwa ni chuma cha kweli, lilistahimili, tena likang'aa. Mikanda ya milangoni ilikuwa habari nyingine. Hiyo ni plastiki iliyopakwa kromu, aliyoibandika mwenyewe, ile ile anayowauzia watu dukani kwa jina la "orijino". Adhuhuri milango ilikuwa na mikanda myeusi tii, na Badawy alikuwa anang'aa hadi viwikoni.

"Shemeji, sema neno."

"Nikisema, majirani watasikia."

Dada yangu Nuha akaleta foili ya kufungia vyakula, tukaibandika kwa gundi juu ya mikanda yote.

Kesho yake Amin alilizunguka gari, mikono nyuma. Jua la Voi lilikuwa limekwisha kulainisha gundi, na foili ikipepea kila mlango.

"Na hii je?"

Badawy alifungua kinywa. Nikamwahi. "Ni desturi ya nyumba hii, ami. Mwari wetu hatoki mpaka milango ipambwe."

Amin akainamisha kichwa kwa heshima. "Mbona hamkutwambia mapema, bibi? Lile letu litafuata nyuma tupu, tuonekane hatujui mambo?"

Foili iliyobaki ikaenda kwenye gari lao. Vigelegele vikapigwa, na Ruweida akapanda la babake, uso ndani ya buibui, mabega yakimtikisika. Wageni walisema analia.

Siku hizi Badawy anauza foili ya harusi dukani, na huwaeleza wateja kwamba desturi hiyo ilianzishwa na babu yake. Sijamkanusha. Babu alikuwa mtu wa heshima. Kama angeijua foili, bila shaka angeianzisha.