Ngoma ya Mashabiki

Mume wangu alikuwa mpiga ngoma wa mashabiki, na ngoma yenyewe ilikaa chumbani kwetu, mtaani Manika, upande wangu wa kitanda. Ukiolewa na shabiki utazoea tu. Kila Jumapili alikwenda uwanjani na kaka yangu mkubwa, mwenyekiti wa mashabiki, wakarudi wote wawili sauti zimekauka.

Kisha kampuni ya migodi, iliyoujenga uwanja na kuutunza, ikaanza kufa. Mishahara ikakawia, hospitali ikakosa dawa, upepo ukang'oa paa la jukwaa na hakuna aliyelirudisha. Timu ikakatazwa kucheza pale. Wakubwa wa mji wakasema fedha za serikali ziende hospitali kwanza. Mheshimiwa mmoja wa jimbo akasema hapana, ziende uwanjani, vijana wapate pa kupumulia. Tulifuata ugomvi ule redioni kama mechi. Mheshimiwa akijibu vizuri, mume wangu aliruka kitini: "Amefunga!" Alimpenda mno, na mpenda chongo huita kengeza. Mimi nilikuwa na mtoto wa homa kila wiki, nikawa upande wa hospitali, nikaitwa msaliti nyumbani mwangu mwenyewe.

Mheshimiwa alishinda. Siku alipokuja uwanjani kutuambia, mashabiki walijaa, hata mimi nilikwenda. Sasa, mpiga ngoma wa mpira hasikilizi maneno, anasikiliza pumzi. Msemaji akinyamaza kidogo, ngoma inajaza. Mheshimiwa akasema fedha zimepatikana; ngoma. Akasema paa litarudi; ngoma. Akasema uwanja huu ni wa watoto wa nchi, si wa wale bilulu, wale wadudu waliotoka Kasai kuja kula kazi zetu, nao wafunge mizigo warudi kwao. Akanyamaza kidogo. Mume wangu akapiga.

Alipiga kwa nguvu zake zote, na uwanja mzima ukaitikia. Na baba yake mwenyewe aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Watu waliotuzunguka waligeuka kumtazama, wengine wakicheka, na mikono yake ikapunguza mwendo, ikasimama. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

"Mi sikusikia bile alisema, mama," aliniambia njiani. Alirudia hivyo mpaka mlangoni.

Haukupita muda, vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwafukuza watu wa Kasai. Walipofika kwetu tulibeba watoto, masufuria, na ngoma, maana hakukubali kuiacha, tukaenda kukaa stesheni na wenzetu wengi kungoja treni. Treni haikuja. Mvua ilikuja. Siku moja nikamwona kaka yangu akipenya kati ya mizigo, nikafurahi, nikadhani ametuletea unga.

"Shemeji, ngoma ni ya timu, ya ekipe yetu," alisema, macho yake yakiwa kwenye reli. "Dimanshi tunacheza pale uwanjani, paa imerudi."

Kisha akanigeukia. "Na wee, rudia nyumbani na batoto. Ye aende kwabo."

"Kwabo ni wapi, yaya?" nilimuuliza, kwa lile jina letu la kumwita kaka mkubwa. "Si unajua alizaliwaka hapa?"

Kaka alinyosha mikono kuelekea ngoma. Mume wangu aliifuta ngoma kwa shati lake, akampa kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni chakula. Nilimtukana kaka yangu tusi ambalo mama yetu angenichapa kwa kulitamka. Sikurudi naye.

Jumapili ile tuliisikia ngoma kutoka stesheni. Mpigaji mpya hakujua kitu, alichelewa kila mara. Mume wangu hakuwa amekula tangu jana yake, lakini niliona vidole vyake vikimsahihisha juu ya goti. Halafu uwanja ukalipuka kwa ile kelele tunayoijua sote.

Na stesheni nzima ikasimama. Wanaume waliofukuzwa walirusha mikono juu, wakakumbatiana kati ya magodoro yaliyolowa, mume wangu akiwa wa kwanza wao.

"Tumefunga, mama!" alinipigia kelele, machozi yakimtiririka. "Tumefunga!"

Mtoto alishtuka usingizini, akalia. Nilimgusa paji la uso. Homa ilikuwa imepanda tena.