Bangili za Mlali

Siku ambayo sijaisahau, mwanangu, ni ile nilipotumwa Mlali kumwambia bibi yangu mzaa mama kwamba zawadi yake haifai. Nilikuwa kijana wa kuchumbia, nina nguvu za mikono na uoga wa mdomo. Kazi ngumu niliiweza, ila maneno magumu niliyakimbia. Keti nikusimulie. Hiyo simu itakungoja, haina miguu.

Nilikuwa fundi mdogo kwa Mzee Sefu, mfua shaba wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini. Siku hizi ukipita mtaa ule utaona saluni na maduka ya vocha, lakini enzi zile karakana yake uliisikia kabla hujaiona. Alikuwa Mwislamu, mjukuu wa watu wa misafara waliotoka pwani wakalowea huku. Kanisa kuu lilikuwa linamalizia mnara wake, na wazee wa kanisa walimwomba atengeneze ua kubwa la alizeti, la shaba, la kukaa juu kabisa, chini ya msalaba. Watu wakamtania, "Mzee Sefu, kwaya unaingia lini?" Naye akawajibu, "Nikimaliza ua. Ila sauti yangu mtaijutia." Adhuhuri ikifika alitandika mkeka wake pembeni, akasali, akarudi kwenye nyundo.

Shaba ikapungua kabla majani ya ua hayajatimia. Ikatangazwa makanisani, mjini na vijijini, kwamba mwenye shaba nyekundu na alete. Mimi nilidhani tutaletewa nyaya mbovu na birika zilizotoboka. Kumbe akina bibi wa Kigogo walivua bangili zao. Zile za masango, mwanangu, waya mnene wa shaba uliozungushwa mkononi, walizovishwa wakiwa wasichana na kuzeeka nazo. Zikaja kwenye magunia na kwenye ncha za khanga. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo niliouona mwaka ule sijauona tena.

Mzee Sefu alikaa mbele ya lile rundo, akazigeuzageuza bangili moja moja. Mwisho akasema, "Unajua masango haya yalifikaje huku? Babu zangu waliyaleta kwa vichwa vya wapagazi. Walipofika Ugogo koo zimekauka, waliyatoa kwa wenyeji wapate ruhusa ya kupita na kunywa maji. Leo wajukuu wa wale wenyeji wananirudishia." Akafuta macho kwa kiwiko, akasingizia moshi. Moto ulikuwa bado haujawashwa.

Kabla ya kuyeyusha, kila bangili ilikwanguliwa kidogo kwa tupa. Shaba ikikaa miaka mingi mkononi huwa nyeusi, na bila kukwangua hujui iliyomo ndani. Shaba nyekundu hulainika ukiitia moto, ukaifua mpaka ikawa nyembamba kama jani. Ile ya njano imechanganywa na madini mengine. Ukiitia pamoja na nyekundu, bamba linapasuka kingo ungali unafua. Bangili moja mbaya ingetuharibia majani matatu.

Nikachukua bangili za bibi yangu. Nilizijua, nililelewa nikizichezea. Nikapitisha tupa mara moja. Njano. Nikajaribu ya pili, na nyingine, zote njano.

Bibi alikuwa mjane, miguu imekwisha, kanisani hafiki tena. Zile bangili alivishwa na babu, na kuzivua kulichukua asubuhi nzima, kwa sabuni na mafuta ya alizeti, mama yangu mdogo akivuta na yeye akiuma khanga. Alisema, "Kama mimi siwezi kwenda, hizi zitakwenda." Wanawake wenzake kijijini zao zilikuwa zimepokelewa. Za kwake tu ndizo zirudi?

Nikamwambia Mzee Sefu, "Tuziweke kando, Mzee. Ua litapanda, bibi ataambiwa zimo. Nani atajua?"

Hakupandisha sauti. Aliweka nyundo chini, na yeye nyundo hakuiweka chini hovyo. "Yohana, bibi yako ametuletea shaba, au ametuletea mkono wake?"

Nikaiweka tupa chini.

"Ukimdanganya, umechukua kilicho chake na hukumpa kitu. Huo si wizi? Unamwona mzee, unadhani kweli itamvunja. Ameshazika mume, ameshalala njaa, ameyaona. Nenda kamwambie. Na bangili zake ziende nawe, asije akaambiwa na mtu asiye nazo mkononi."

Basi nikapanda gari la Kongwa asubuhi, bangili zimefungwa kwenye kitambaa mapajani. Njia nzima nilitunga maneno, na nilipofika Mlali yote yalikuwa yameyeyuka. Nilimkuta bibi uani anabangua karanga. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Mbukwa," akamalizia kwa salamu ya Kigogo. Kisha akaona kitambaa, akajua kuna jambo, maana mkono wake mtupu aliuvuta akauficha ndani ya khanga. Ngozi pale bangili zilipokuwa ilikuwa nyororo na nyepesi kama ya mtoto mchanga. Sikuweza kuitazama.

Nikamweleza. Sikupamba, nilisema tu zilivyo: njano, na zikiingia kwenye majani zitayapasua.

Alibangua karanga nyingine mbili. "Babu yako," akasema, "alizinunua mnadani. Alinambia kazichagua kwa sababu zinang'aa kuliko za wenzangu. Mwanamume yule alipenda vinavyong'aa, ndiyo maana akanioa mimi." Akacheka, kisha kicheko kikaishia njiani na machozi yakamtoka. Akayaacha yatiririke, wala hakuona haya. Mimi nikaketi chini karibu na miguu yake, sina la kumpa.

Baada ya muda akauliza, kama mtu anayeulizia habari za mavuno, "Hiyo alizeti yenu ya shaba, majani yake yanashikwa na nini?"

"Kwa ribiti, bibi. Vipande vifupi vya waya mnene. Unavipitisha kwenye tundu, unavigonga vichwa huku na huku, havitoki tena."

"Na mmezipata?"

"Zipo za chuma, za dukani. Mzee Sefu hazipendi. Anasema mvua zikija kutu itazila."

Akafungua kitambaa taratibu, akaokota bangili moja, akanishikisha. "Na hii ni nini kama si waya mnene?"

Mwanangu, mimi na mwalimu wangu tuliinamia zile bangili siku kadhaa tukiwaza majani tu, kwa kuwa majani ndiyo yatakayoonekana. Mtu aliyetupa ndiye aliyejua pa kuziweka, na tungemdanganya tusingelijua hilo kamwe.

Niliporudi nikamsimulia Mzee Sefu, akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, akaenda kunawa mikono kabla ya kuzigusa. Tukazikunjua, tukazikata, tukafunga jani kwa jani. Ile njano ngumu ilishika. Nilining'inia kwenye jani moja kwa uzito wangu wote wala halikutikisika.

Siku ya kulipandisha, mama mdogo alimleta bibi kwa pikapu ya jirani. Uwanja ulijaa, Wakristo, Waislamu, na watu waliokuwa wanapita tu kwenda sokoni. Lilipandishwa kwa kamba, polepole, upepo wa Dodoma unalisukuma huku na kule. Lilipokaa mahali pake jua likalipiga. Umati wote ukanyamaza. Nimeishi miaka mingi, nimeona mengi mazuri, lakini ukimya ule sijausikia tena. Shaba iliyokuwa giza mikononi mwa bibi zetu iliwaka juu ya mji mzima, na mimi niliyeifua kwa mikono hii nilihisi kwamba sikuifua mimi.

Bibi akanivuta shati. "Zangu ziko wapi?"

"Huwezi kuziona kutoka huku chini, bibi. Ziko kila mahali jani linaposhikana na jani."

"Basi sitaziona tena."

"Hapana, bibi."

Akatazama juu sana, khanga imemteremka, mkono ule mtupu uko wazi mbele ya watu na haujali. "Ni sawa," akasema. "Hata kinachonishika mimi sijawahi kukiona."

Nami nakuusia hivi. Mtu akikupa kitu chake, hasa mzee, na kitu kile hakifai pale ulipotaka, usimpe tabasamu la uongo ukajiita mpole. Nenda ukaketi naye, umwambie kweli huku unamtazama. Atalia, mwache alie. Kisha msikilize, kwa kuwa huenda yeye ndiye anayejua kinapofaa. Siku hizi nawasikia mnanong'onezana, "Mwacheni tu mzee, hatajua." Aliyedanganywa kwa huruma naye kadanganywa, tena kaachwa peke yake. Mimi macho yangu sasa yamepungua, siku hizi karakanani kwetu wewe ndiwe unayeniambia kama kazi ina ufa. Usinionee huruma. Niambie.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioiogopa kweli. Akupe wa kukupenda kiasi cha kukusahihisha. Na utakapozeeka, mwanangu, asikose mtu wa kuja mpaka uani kwako akuambie zilivyo. Amina.