Magurudumu ya Jikoni kwa Mama Jane

Kila Jumamosi Sesilia hurudi kutoka kazini akiwa hoi bin taabani, na badala ya kwenda kitandani kama mtu mwenye akili zake, hufunga kanga kiunoni, husukuma vyombo pembeni mwa meza ya jikoni, kisha huanza kutengeneza magurudumu.

Si magurudumu ya gari. Ni ya roboti, madogo yanayoenea kiganjani, na roboti yenyewe ni ya wanafunzi wa shule anayosoma bintiye Jane, hapo Walthamstow, London. Wanafunzi huipeleka kwenye mashindano kupambana na roboti za shule nyingine. Magurudumu ya dukani ni magumu, huteleza uwanjani. Yanayotakiwa ni laini, yenye kung'ang'ania sakafu, na hayo hupatikana kwa kuchanganya maji mazito ya makopo mawili, sawa kwa sawa, kuyakoroga taratibu yasiingie hewa, kisha kuyamimina kwenye kalibu yenye umbo la gurudumu. Yakiachwa saa chache huganda yakawa plastiki inayonepa kama raba ya kufutia.

Kazi hiyo hakuiomba. Mwaka juzi, kwenye mkutano wa wazazi, Mwalimu Hemal aliuliza nani angeweza kuwasaidia watoto kutengeneza magurudumu nyumbani, kwa kuwa karakana ya shule hufungwa mwisho wa wiki. Hemal ni Mhindi wa Nairobi anayeishi Harrow, mtu mpole, lakini kwa kuomba msaada haoni haya. Wazazi wote wakatazama dari. Sesilia, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha nyuma, akashtuka, akadhani wanaitwa majina, akanyoosha mkono. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Ungekuwa wewe ungeushusha mkono?

Basi angeweza kuacha baada ya wiki mbili, na sababu alikuwa nazo tele. Wiki nzima huogesha, hulisha na hugeuza kitandani mama za watu wengine, nyumba hadi nyumba, basi hadi basi. Mgongo wake una miaka mingi kuliko yeye. Lakini hakuacha, na sababu yake hakumwambia mtu.

Sababu ilikuwa Jane. Jane alizaliwa London, anakisikia Kiswahili cha mama yake neno kwa neno, na hujibu kwa Kiingereza, tena kwa ufupi wa mtu anayelipia maneno. Siku za kawaida hupita mlangoni, huaga kwa kidole, hujifungia chumbani. Jumamosi tu ndiyo huja jikoni, akashika saa, akawa anahesabu dakika za kukoroga, na hapo, macho yote yakiwa kwenye kikombe cha plastiki, mdomo wake hufunguka. Huzungumza habari za rafiki yake Nishma, za mwalimu asiyempenda, za chuo anachokiwazia. Sesilia hukoroga polepole kuliko inavyotakiwa. Alimkosa mwanawe siku zote za wiki, na hapo alimpata, basi uchovu ukaenda zake huko.

Mwalimu Hemal alimpa barakoa nene ya kazi hiyo, akamwambia afungue dirisha kila anapomimina. Barakoa ilimtoa jasho, tena utazungumzaje na mtoto ukiwa umezibwa mdomo? Ikaning'inizwa nyuma ya mlango. Na dirisha, hebu lifungue wewe mwezi wa Januari tuone. Hapo hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Kifua kikaanza kubana kabla ya Krismasi. Jumamosi jioni kilikaza, Jumapili kikapiga filimbi, katikati ya wiki kikapoa, akasema ni baridi ya nchi za watu. Dawa aliijua tangu utoto wake Muheza. Kila Jumapili, Jane akiwa bado amelala, alichemsha mchaichai, tangawizi, maganda ya ndimu na majani ya mkaratusi aliyonunua sokoni, akaweka sufuria juu ya meza kwa sababu magoti yake hayakubali kuinama, akajifunika blanketi na kujifukiza mpaka jasho likamtoka. Alipata nafuu. Jane hakuambiwa, maana Jane akiambiwa kitu hukimbilia simu kusoma mambo ya kutisha.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano. Walimimina magurudumu yote manne mchana, kazi safi, hata Jane alisifu. Kisha Jane akatoka kwenda kwa Nishma. Kabla hajamaliza kushuka ngazi, kifua cha Sesilia kikamkaba kama mtu aliyekaliwa. Safari hii hakuweza kungoja Jumapili. Alichemsha sufuria yake, akaiweka mezani palepale, karibu na kalibu, akajifunika. Jiko lote likajaa mvuke, madirisha yakalia machozi.

Jane alirudi, akafungua kalibu. Magurudumu yalikuwa yamevimba na kumwagika nje ya ukingo, yamejaa matundu ndani na nje. Mungu amsamehe Sesilia, wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kama yangekuwa vitumbua, yangekuwa yameumuka vizuri sana.

Jane akampigia mwalimu kwa video, akamwonyesha.

"Mama Jane," Hemal akasema, "ulikuwa napika nini wewe?"

"Sijapika kitu, Mwalimu."

"Hapana, iko mvuke hapo. Hii kitu ikikutana na maji inafanya povu. Ulichemsha nini?"

Sesilia akajitia hamnazo. Lakini sufuria ilikuwa kwenye sinki, na jani la mchaichai limegandia ukingoni, na blanketi bichi liko juu ya kiti. Jane akavitazama kimoja kimoja.

"Mum, what is this?"

"Chai."

"Na blanketi," Jane akauliza kwa Kiingereza chake, "blanketi nalo la chai?"

Sesilia akafungua mdomo ajibu, na badala ya jibu kikatoka kikohozi, kirefu, chenye filimbi ndani yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikuwa na bahati kuumbuliwa na kikohozi tu. Jane akauliza kilianza lini, na hubana siku gani. Sesilia akajibu kweli, na alipokuwa akijibu akasikia mwenyewe kwa masikio yake kwamba kila siku aliyoitaja ilikuwa Jumamosi. Jane akachukua kopo, akasoma maandishi madogo ya ubavuni. Yalisema moshi wa maji hayo huharibu pumzi, na mtu aliyekwisha kudhurika asiyakaribie tena.

"Barakoa ulivaa, Mama Jane?" Hemal akauliza kwenye simu. Sesilia akaitazama nyuma ya mlango. "Basi wacha. Mimi najuta kukupatia hii kazi. Tutaenda na magurudumu ya duka. Wewe enda kwa daktari."

Simu ikakatwa. Jane akabeba makopo yote mawili kuyapeleka nje. Sesilia akamzibia mlango.

"Yaweke chini."

Jane akasema hapana.

"Yaweke chini, nakwambia! Mashindano ni wiki ijayo. Nitavaa hiyo barakoa. Nitafungua dirisha, nitafungua na mlango. Mara hii tu, mwanangu."

"Mum, it's only wheels."

"Kwako wewe ni magurudumu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko pumzi aliyokuwa nayo. "Ukiyatoa haya utarudi chumbani kwako ufunge mlango, na mimi nitakuona wapi? Nakuona hapa tu. Wiki nzima naosha wazee wa watu, watu wananieleza maisha yao yote, mwanangu mwenyewe simjui mpaka nikoroge mavitu haya!"

Akashika fremu ya mlango, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Jane akaweka makopo sakafuni. Alipozungumza, alizungumza Kiswahili, kibovu, kwa kutafuta.

"Mimi nilitaka kuacha robot mwaka jana."

"Nini?"

"Mimi sipendi robot, Mama. Nishma ndiye anapenda. Lakini Jumamosi wewe ulikuwa na furaha. Siku zingine wewe ni kuchoka tu. Nikafikiri, nikiacha, utabaki na kuchoka."

Sesilia akamtazama. Zile Jumamosi zote zikampita mbele ya macho, yeye akikoroga kwa ajili ya huyu, huyu akihesabu dakika kwa ajili yake, na kifua kikiliwa kidogo kidogo katikati yao. Uchungu ulimpata, na aibu, na kicheko nacho kikataka kutoka kikakosa hewa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe kwa nini hukuniambia?"

Sesilia akaiachia fremu ya mlango. Jane akatoa makopo nje, akarudi, akafungua dirisha wazi kabisa, baridi ikaingia. Akamvutia mama yake kiti, akamrushia koti mabegani, akakaa upande wa pili wa meza. Mikono yao ilikuwa mitupu. Walitazamana, na hapakuwa tena na kazi ya kusingizia.