Siku tatu jua ilifunga njia ya Ankoro

Miye njo sauti ya foni, redio ya kuongea na posti za mbali, ku biro ya misioni, hapa Kalemie. Watu wa posti zingine hawajui jina langu, wananiita Mama Kalemie, na miye mwenzangu wa posti ya Ankoro namuita Papa Ankoro. Kila asubuhi tunapashana habari: fulani amefika, dawa zimeisha, mazishi ni kesho. Ukimaliza unasema "nakupatia", mwenzako naye anaongea. Wenye kuja kuongea wanakaa ku benchi nyuma yangu, na kila mutu anasikia mambo ya mwenzake.

Binti yangu mukubwa alimufuata mwanaume mpaka Ankoro bila ndoa ya kanisa. Miye mutu wa rozari, nilisikia haya mbele ya wamama wa parokia. Nikamuambia: "Usinitafute tena." Mwaka ukapita, hakunitafuta. Sauti za Ankoro nilizijua karibu zote, isipokuwa yake.

Asubuhi moja Papa Ankoro akaniita polepole.

"Mama Kalemie, mutoto wako iko na uchungu tangu juzi, mutoto hatoki. Wazee wa bwana yake wanasema ni kinyongo cha muzazi. Wanaomba useme neno, tumupelekee. Nakupatia."

Kwetu njo hivyo. Mutoto akikawia kuzaliwa, wanatafuta nani ameshika hasira, na huyo anasema kwa kinywa chake: nimekuachilia. Miye ni mukristu, najua Mungu hafungwi na kinywa changu. Ningesema palepale. Lakini nyuma yangu watu saba walikaa ku benchi, masikio wazi. "Ngoja, Papa Ankoro, nitoe watu kwanza." Nikawatoa, nikafunga mulango, nikashika mikro. Parazite tupu, makelele ya hewani, shaaa, kama mvua ku mabati.

Niliongea hata hivyo. "Mwanangu, nimekuachilia. Zaa na amani." Nikaachilia kitufe. Shaaa.

Nikamutuma sentineli, mulinzi wetu, aangalie antene. Akarudi anapangusa mikono: "Mama, kila kitu iko muzuri. Labda upige mbinguni moja kwa moja, huko hakuna parazite." Siku zingine ningemucheka.

Mangaribi nilienda ku masomo ya watu wazima, sababu nyumbani hakukukalika. Mwalimu wetu aliposikia shida yangu akachora dunia ku ubao. Sauti ya foni, akasema, inapanda mpaka ku tabaka ya umeme kule juu ya hewa, inagonga, inarudi chini ku Ankoro. Lakini jua nayo inapuliza upepo wake. Siku upepo ule unakuja na nguvu, unapiga kichwa na miguu ya dunia, kule kwenye baridi, na umeme wa juu unazunguka na kugongana kama maji ya muto Lukuga pale inapotoka ku ziwa. "Tikisa kamba ku ncha," akasema, "katikati nayo itacheza. Katikati njo siye."

"Itakaa siku ngapi, mwalimu?"

"Mbili, tatu. Kisha inatulia yenyewe."

Nikamuamini, na ilikuwa kweli. Siku ya pili na ya tatu nilikaa mbele ya mashini tangu asubuhi mpaka jua kulala. "Ankoro, Ankoro, hapa Kalemie." Rozari ku mukono wa kushoto. Mama mumoja wa kikundi chetu cha sala akapita kunisalimia, nikamuelezea. Akapiga makofi: "Eeh! Jua inakatalia sauti yako tu? Masikini jua, siku hizi inabeba makosa yetu."

Siku ya ine njia ikafunguka.

"Mama Kalemie! Amezaa! Walimupeleka na mutumbwi ku hospitali, wakamupasua. Mutoto mwanamuke, wote wazima." Kisha akapumua. "Lakini alikungoja, mama. Tulimuambia ulisema ngoja, kisha ukanyamaza. Nakupatia."

Nilimushukuru Mungu kwa magoti, peke yangu, hapohapo ku saruji ya biro.

Kisha mwezi mumoja, binti yangu akaja mwenyewe ku foni. Nikamuambia yote: upepo wa jua, umeme wa juu, siku tatu naita.

"Jua, mama?" akasema. "Jua ilikuwa inawaka hapa. Nilikuwa naiona ku dirisha. Ungekuja. Nakupatia."

Nikahesabu njia. Treni mpaka Kabalo, kisha mutumbwi wa motere: siku tatu zisingetosha, lakini foni ilipofunguka angesikia mama iko njiani. Mutu asiyejua kitu juu ya jua angebeba mufuko wake asubuhi ile. Miye nilijua itatulia, nikakaa.

Nimeomba konje, ruhusa ya kuacha kazi siku chache. Naandika maneno haya Kabalo, nangoja mutumbwi wa kupanda Ankoro, kati ya watu na magunia, hakuna ninayemujua. Binti yangu hajui kama nakuja. Neno la kumuachilia nitamuambia ku sikio. Sijui kama atanipa mutoto nimushike.