Jina la Anjela Kwenye Gharama za Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka thelathini na sita. Ni mzaliwa wa Kilema, naishi Moshi mjini na mume wangu na watoto wawili. Jina langu nimemwomba mhariri abaki nalo mwenyewe.

Mume wangu ni mchezaji wa gofu wa kulipwa. Najua wengine mtacheka. Alianza kwa kuwabebea wazungu mikoba ya fimbo, siku hizi anafundisha matajiri na kushindana hadi Nairobi na Kampala. Hana mwajiri, amejiajiri, kwa hiyo kabla ya kukatwa kodi anaruhusiwa kutoa gharama za kazi: nauli, mipira, glavu, viingilio, na ujira wa kedi, yaani yule anayembebea mkoba. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, mimi ndiye niliyekuwa naandika orodha na kutunza risiti. Miaka mitatu iliyopita akaniambia nipumzike, amepata mhasibu. Nikashukuru, mjinga mimi.

Mwezi uliopita ofisi ya kodi ilileta barua ikitaka uthibitisho wa gharama. Yeye alikuwa safarini, nikaifungua. Ndani kulikuwa na nakala ya orodha ya mhasibu. "Mshahara wa kedi, Anjela." Kila mwezi, miaka yote mitatu! Kedi wake ni mzee mmoja wa Uru, namjua. Huyu Anjela ni nani?

Nilimfuata yule mzee, nikamwamkia, nikamuuliza. Akatazama chini. "Mama, mimi usiniingize. Nenda Pasua, ulizia Anjela fundi cherehani."

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutukana. Nikamkuta mwanamke mdogo kuliko mimi anashona sare za shule.

"Shikamoo dada," akasema. "Nilijua ipo siku utakuja."

Ukutani kulikuwa na picha ya mume wangu ameshika kombe, pembeni yake Deo, kedi wake wa zamani. Deo alikufa miaka mitatu iliyopita kwa kuanguka kutoka juu ya lori wakati wa kurudi kutoka mashindano Nairobi. Alizikwa kwao Singida, mimi sikwenda. Kumbe huyu ndiye mjane wake.

"Mumeo hajawahi kunigusa, dada. Ananisaidia tu. Aliniambia marehemu alipewa nauli ya basi, akaamua kupanda lori ili hela ije kwa watoto."

Tulilia wote wawili. Lakini njiani nikaanza kujiuliza. Mume wangu hajawahi kumpa kedi nauli mkononi, husema atainywea pombe. Tiketi hukata mwenyewe. Nilipofika nyumbani nikafungua boksi la risiti za zamani. Tiketi za kwenda Nairobi zilikuwa mbili. Ya kurudi ilikuwa moja. Na kwenye orodha, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi." Alinisomea, nami nikaandika.

Aliporudi niliiweka ile tiketi mezani. "Deo ulimpa nauli ya kurudi?"

"Wewe ni mwalimu, siyo polisi," akasema, akatoka.

Kesho yake alikuja kwa upole. Jumatatu tumeitwa ofisi ya kodi, anataka niseme kwamba Anjela ni kedi wake kweli na mimi namfahamu. "Ukikataa, yule mama na watoto wake watakula wapi?"

Tangu hapo kila anachosema nakipima mara mbili. Huo msaada ni huruma, au anamlipa Anjela asiulize? Nikisema ukweli, mume wangu ataadhibiwa na mjane atakosa hata hicho kidogo. Nikidanganya, nitakuwa nimeshiriki mara ya pili. Na juzi Anjela amemshonea binti yangu gauni, akakataa malipo. Anasema baada ya Deo, ndugu zake ni sisi.

Imebaki wiki moja. Ndugu zangu, nishaurini: Jumatatu niseme nini mbele ya afisa wa kodi? Na Anjela nimwambie habari ya tiketi, au nimwache na marehemu wake aliyetaka hela ifike kwa watoto?